"Watershed" na Azimio la Arusha

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kitabu cha historia cha Kiingereza anachosoma mwanangu wa kidato cha nne, Azimio la Arusha limeitwa "watershed" ya historia ya nchi yetu. Tunajua kuwa "water" ni maji na "shed" ni banda, lakini tukiyaunganisha hatupati maana. Tafadhali tufafanulie.
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Banda liwekeni kando, kwa kuwa "shed" iliyomo humu inatokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kutenga. Neno zima ni la jiografia, nalo hutaja mgongo wa nchi unaogawa maji ya mvua. Nanyi wa Moshi mfano mnao juu ya vichwa vyenu: mvua inyeshayo kusini mwa Kilimanjaro huteremka na mito kama Karanga na Weruweru, ikaingia Kikuletwa, ikapita Bwawa la Nyumba ya Mungu na kufika baharini kwa Mto Pangani, ilhali maji yanayoshika njia ya Mto Tsavo huvuka Kenya hadi kumwagika karibu na Malindi.

Kwa sitiari, basi, "watershed" ni tukio linalogawa wakati kama mgongo huo unavyogawa maji. Azimio linastahili kabisa kuitwa hivyo. Halmashauri Kuu ya TANU ililipitisha mjini Arusha mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa Februari 5, na mara benki za binafsi zikataifishwa. Viongozi nao wakakatazwa kumiliki hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili na kuwa na nyumba za kupangisha. Wanaolisifu na wanaolilaumu, wote husimulia mambo ya kabla yake na ya baada yake.

Wapo wanaofasiri neno hili kuwa "hatua muhimu", tafsiri ambayo naiona dhaifu mno, kwani hatua muhimu huwa nyingi. "Njia panda" nayo haifai, maana aliyesimama njia panda bado hajachagua. Mimi ningeandika "tukio lililoigawa historia".

Tahadhari moja: Wamarekani hulitumia neno hilohilo kwa eneo zima linalokusanya maji ya mto, kwa hiyo mwanao akilikuta katika ripoti ya mazingira, huenda maana yake ni bonde tu, kama tusemavyo Bonde la Pangani.