Maduka yameipa bustani mgongo, halafu tunalaumu vibaka

Wasomaji wangu, barua tatu za safari hii zinaongelea kitu kimoja, bustani ya katikati ya mji, kwahiyo nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kirefu kuliko zote manake kuna kikao kinakuja na mwenye barua anatakiwa aende na maneno ya kusema.

SWALI: Habari za kazi. Nina duka la vitambaa katikati ya mji wetu, kanda ya ziwa huku, na mbele yangu kuna bustani ya halmashauri. Zamani watu walikuwa wanapumzika pale wakitoka hapo wanaingia madukani kwetu, sa hivi ikifika saa kumi na mbili jioni hakuna anayepita, vibaka wamejaa, juzi mteja wangu kaporwa simu hatua chache tu kutoka mlangoni. Halmashauri wametuita kikao, wanataka wajenge ukuta wenye geti moja na kuizunguka bustani yote kwa fremu za kupangisha. Wenzangu wenye maduka wao wanataka miti ikatwe yote kwasababu inaziba mabango. Mimi roho inaniuma hiyo miti ikatwe ila sijui nitetee vipi. Nisaidie. (Mama wa vitambaa)

JIBU: Dada yangu, pole, na umfikishie pole yangu huyo mteja. Kwenye barua yako yote kilichonitisha zaidi ni hizo fremu. Fremu zikizunguka bustani zitaangalia wapi? Zitaangalia barabarani kwenye wateja, bustani zitaipa mgongo, na mgongo wa fremu unaujua ulivyo, ukuta mtupu hauna hata dirisha, siku ya pili watu wanakojoa pale, siku ya tatu pametupwa taka, mwezi ukiisha pameshakuwa na wenyewe ambao we mwenyewe hutapenda kukutana nao. Nimepita kwenye bustani kadhaa za namna hii, ukiwa barabarani hujui hata kama humo ndani kuna bustani, na ukiwa ndani hujui kama nje kuna watu wema wanauza na kununua. Kibaka hapo kajengewa nyumba.

Na geti moja usilikubali kabisa. Geti moja manake kibaka akikaa pale pale getini basi we uliyeko ndani huna pa kutokea.

Ngoja nikupe kisa cha kweli ukakitumie kikaoni. New York kule Marekani kuna bustani inaitwa Bryant Park, iko katikati ya mji kabisa nyuma ya maktaba kuu, imezungukwa na maofisi na maduka. Miaka ya 1930 waliijenga upya kwa nia njema tu, wakataka pawe kimya mtu apumzike mbali na kelele, kwahiyo wakaiinua juu ya usawa wa barabara kama futi 4 hivi, wakaweka ukuta wa mawe, wakapanda michongoma, na milango wakaifanya michache na myembamba. Kwenye mchoro ilipendeza. Ila ilipofika miaka ya 1970 ilikuwa mikononi mwa wauza dawa za kulevya, watu wa maofisini wakawa wanaizunguka kwa nje. Kulikuwa na bwana mmoja anaitwa William H. Whyte ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye viwanja vya mji na kuangalia tu watu wanakaa wapi, wanapita wapi, wanasimama wapi kuongea, huyo akaichunguza akasema tatizo ni kwamba bustani imefichwa na mtaa, anayepita haoni ndani na aliyeko ndani haonwi. Ikafungwa mwaka 1988, ikafunguliwa tena 1992, na kilichofanyika ni vitu ambavyo hata fundi wa kawaida anavielewa: michongoma ikang'olewa, milango ikapanuliwa na mingine ikaongezwa, taa zikawekwa, viti vya kuhamishika vikaletwa ambavyo mtu anaviburuta anapotaka kivulini au juani, na vibanda vya chakula vikaletwa karibu na milango. Sasa hivi watu wanajaa pale mpaka unatafuta kiti. Tena hela ya kuitunza haitoki kwenye mfuko wa jiji, inatoka kwenye kodi ya vibanda na mgahawa, shughuli zinazofanyika humo na michango ya wenye majengo ya jirani, ambao waliona wenyewe kwamba bustani ikiwa nzuri na nyumba zao zinapata thamani.

Umeona hapo vibanda vipo, mimi sikatai biashara hata kidogo, naikataa ile ya kugeuza mgongo. Badala ya fremu ishirini za kuzunguka, halmashauri iweke vibanda vichache, kwenye kona na karibu na kila mlango, kila kimoja kiwe wazi pande mbili, dirisha la barabarani na dirisha la bustanini, na kati ya kibanda na kibanda kuwe na nafasi pana ya mtu kuona mpaka upande wa pili. Muuza juisi anayeangalia ndani kutwa nzima anamjua kila anayekuja, anajua nani kakaa pale bila sababu, na hakuna mlinzi wa mshahara atakayekufanyia kazi hiyo kwa moyo ule. Mwombe mwenyekiti waandike kabisa kwamba kodi ya vibanda hivyo, au sehemu yake, inarudi kulipa anayefagia, anayemwagilia na anayebadilisha balbu, manake bustani nyingi zinaharibika siku ile balbu ya kwanza inaungua na hakuna mwenye jukumu nayo.

Sasa miti. Hapa ndo ninapotaka uwe mkali dada yangu. Kuna kanuni inatumiwa na watu wanaopanga maeneo salama sehemu nyingi duniani, nyepesi tu kukumbuka: vichaka visivuke urefu wa goti au kidogo juu yake, sentimita 60 mpaka 90, na matawi ya miti yaanzie juu ya kichwa cha mtu, mita 2 kwenda juu. Kati ya goti na kichwa pabaki hewa tupu, macho yapite. Mwarobaini unakubali kabisa kupogolewa hivyo, mkungu nao, unabaki na shina moja na mwavuli juu. Mti unaoleta shida ni ule mwashoki wanaopenda kuupanda kwa mstari, ule unaoteremsha majani mpaka chini, ukipandwa kwa kusogezana umeshajenga ukuta wa kijani, huo hata mimi nitakusaidia kuuondoa.

Kuhusu mabango, waambie wenzako hivi. Mteja wa duka la vitambaa, la viatu, la dawa, anakuja kwa miguu, na mtu wa miguu haangalii juu ya paa, anaangalia chini ya matawi, kwahiyo ning'inizeni vibao vidogo chini ya baraza usawa ambao mtu anatembea anausoma, na pale penye mti unaoziba mlango kabisa pogoeni huo. Ukipandwa mwingine mpya shina lake liwe usawa wa ukuta unaotenganisha duka na duka, lisiwe mbele ya mlango wa mtu. Halafu waulize kitu kimoja ambacho we muuza vitambaa unakijua kuliko mimi, kitenge ukikitundika nje juani wiki mbili rangi inakuwaje? Kivuli kile kinawalindia mali, na kinamfanya mama mwenye mtoto mgongoni asimame, ashike kitambaa, aulize bei. Juani hasimami mtu saa nane mchana.

Mwisho angalieni magari. Miji mingi ukingo wa bustani umegeuzwa maegesho na kijiwe cha bajaji, zinapangwa bampa kwa bampa, hata mkikata miti yote bado mtu haoni kitu. Acheni mapengo, hasa mbele ya milango na pale watoto wanapochezea.

SWALI: Shikamoo. Nasoma chuo na jioni nafanya kazi dukani, natoka saa mbili usiku. Njia fupi ya kwenda stendi inakatiza bustani ya mji. Kaka yangu anasema niache uoga, taa ipo. Ni kweli ipo, moja kubwa kwenye mlingoti mrefu katikati, lakini nikifika pale moyo unadunda. Ni woga wangu tu au kuna kitu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuna kitu, wala usikubali mtu akwambie ni woga tu. Taa moja kali inamulika chini yake kama mchana halafu pembeni inaacha giza nene, na jicho lako likishazoea ule mwanga haliwezi tena kuona kilichopo kwenye giza, kwahiyo aliye kichakani anakuona we vizuri sana na we humwoni. Tena ukikutana na mtu ambaye taa iko nyuma yake unaona umbo jeusi tu, uso huuoni, na sisi binadamu tunatulia tukiuona uso. Kinachotakiwa ni taa nyingi za nguvu ndogo, kwenye nguzo fupi za mita 3 au 4, zimepangwa kufuata njia ili mwanga wa moja uishie pale unapoanza mwanga wa nyingine. Na kuna kosa jingine nimeliona mara nyingi mpaka linanikera, mchoro wa miti anachora mtu mmoja na mchoro wa taa anachora mwingine, miaka mitano baadae mti umekua umeimeza taa yote, usiku unaona majani yanang'aa na njia ya chini nyeusi tii.

Mwambie kaka yako afanye jaribio dogo. Apite pale saa hizo hizo unazopita we, ahesabu wanawake, hasa waliokaa. Yule Whyte niliyemtaja kwenye jibu la kwanza aliliona hili kwenye viwanja vya New York, kwamba mahali wanawake ni wachache sana ujue pana tatizo, manake wanawake wanachagua kwa makini zaidi wakae wapi. Akikuta wanaume watupu, basi jibu analo.

Kwa sasa mwanangu zunguka njia ndefu yenye maduka yaliyofunguliwa, hizo dakika tano sita usizionee uchungu. Na ukipata wenzako wanaopita hapo andikeni barua kwa mtendaji wa kata, mtaje nguzo gani, kona gani, saa ngapi, manake barua inayosema tu "bustani haina usalama" inawekwa kwenye faili na barua inayosema "taa ya pili kutoka mlango wa sokoni imezibwa na mwembe" inaweza kumpeleka fundi na panga kesho yake.

SWALI: Shikamoo. Mi nauza kahawa na kashata kwa kutembeza, mgambo kila siku wananifukuza bustanini wanasema tunachafua na tunaleta wahuni. Nawajibu nini?

JIBU: Marahaba kijana. Waulize kama wameshafika Forodhani, Unguja. Ile bustani ilikarabatiwa na shirika la Aga Khan la utamaduni ikafunguliwa tena 2009, wakatengeneza ukuta wa bahari, taa, mifereji, na wauza chakula hawakufukuzwa, walipangiwa sehemu yao. Jua likizama meza zinapangwa, mishkaki, urojo, juisi ya miwa, familia nzima na watoto zinakaa mpaka usiku, na mji mzima unajua pale mtu anaweza kwenda na bibi yake. Ukitoka hapo ukiingia ndani ya Mji Mkongwe kuna Jaws Corner, kijikona tu cha njia, lakini kuna kahawa, kuna bao, kuna wazee mabarazani, na huwezi kupita pale bila kuonwa na mtu.

Ila na nyie mna sehemu yenu. Mkijaa mia mahali pa watu kumi hiyo inakuwa gulio, mpumzikaji anakosa pa kukaa, na biashara ikiachiwa iende inavyotaka inaweza kuila bustani yote. Nairobi pale Jeevanjee, karibu na City Market, bustani iliyoanzishwa na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906, ilipofika 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga majengo juu yake, mpaka familia yake, mjukuu wake Zarina Patel akiwa mbele, wakasimama na wananchi wakaukataa, na mpaka leo mtu wa Nairobi anaenda kulala kwenye nyasi zake saa ya lanchi bila kulipa shilingi. Kwahiyo jiungeni nyie wauza kahawa wachache, mwende ofisini na majina yenu, muombe sehemu maalumu, mkubali idadi, na kila mmoja aahidi kusafisha pale alipokaa kabla ya kuondoka, mkaa na majivu msimwage kwenye mizizi ya miti.

Wakikupa kona, usikae umezipa nyasi mgongo. Weka dele lako pale mlango unapoingilia, kaa kiubavu uone barabara na uone ndani, na mabenchi omba yawe mbele yako.