Shati la kuachia nje: Dodoma liwahi likiwa bichi

Mkuu, umesema umehamia Dodoma kutoka Tanga, ofisini kwenu Ijumaa mnaruhusiwa kuvaa shati bila kuchomekea, na kila asubuhi unapiga pasi, lakini ikifika saa nne shati limejikunja kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Wadau hapo juu wamekushauri ununue pasi ya mvuke. Mimi nakuambia tunza hela yako kwanza. Pasi yako haina kosa. Unafua Kitanga kwenye hewa ya Dodoma.

Kule pwani nguo inaning'inia siku nzima na bado ina unyevu, kwa hiyo mtu unaisokota kwa nguvu zako zote ili isije ikanuka uvundo. Huku ni kinyume. Jua la Oktoba likishapanda, shati jepesi nusu saa tu limekauka kau. Uzi wa pamba ukinyonya maji hulegea, na ukikauka unabaki katika umbo lilelile ulilokaukia. Ukisokota shati, ukalitupa kambani na ile misokoto yake, hewa ya hapa inaigandisha kabla hujamaliza kufua suruali. Baadaye unakuja na pasi kavu kwenye shati kavu, unasukuma mpaka jasho linakutoka. Mikunjo inalala kwa muda tu, ukikaa kidogo kwenye kiti imerudi.

Mimi niko Nkuhungu mwaka wa kumi na kitu sasa, na aliyenifungua macho ni mama mwenye nyumba wangu wa kwanza. Siku moja alinikuta nakamua shati kama nakamua tui, akaninyang'anya. Akalitoa kwenye maji ya mwisho bila kulisokota, akalikandamiza tu mara mbili kwa viganja, akalishika mabegani na kulikung'uta mpaka likalia pwa! pwa! Maji yalinirukia mpaka usoni. Kisha akalivisha kwenye henga, akafunga kifungo cha juu na cha katikati, akashika pindo kwa chini na kulivuta taratibu, akamalizia kwa kupitisha vidole viwili kwenye mstari wa vifungo kutoka juu hadi chini. "Haya, kunywa chai yako urudi," akaniambia. Niliporudi shati lilikuwa linakaribia kukauka, bado bichi kidogo kwenye kola na kwenye mishono. Hapo ndipo akaniruhusu kushika pasi. Nilipitisha mara moja tu kila upande.

Siri ni hiyo. Shati linanyooshewa kambani, pasi inakuja kumalizia, na kwa Dodoma huo muda wa ubichi ni mfupi sana. Ukienda Majengo sokoni ukasema utalitoa ukirudi, umeshachelewa.

Ukichelewa, usilipige pasi hivyo hivyo. Tafuta ile chupa ya kupulizia wanayotumia vinyozi, nyunyiza maji kote, likunje kunje ndani ya taulo na uliache dakika 10 unyevu usambae. Zamani tulikuwa tunafungia kwenye mfuko wa rambo, ila tangu mifuko ile ipigwe marufuku mwaka 2019 taulo linatosha, au beseni lenye mfuniko. Kuna mdau amesema utundike shati bafuni uoge maji ya moto, mvuke utalinyoosha. Mkuu, wengine tunaoga kwa ndoo. Huo mvuke sijui utoke wapi.

Halafu kuna suala la maji. Wewe mwenyewe umeona sabuni ya mche inavyogoma kutoa povu, inaacha utando mweupe kwenye beseni. Utando huohuo unabaki kwenye shati, likikauka linakuwa gumu kama mkeka, na kitambaa kigumu kikikunjika kinaweka alama. Fulia sabuni ya unga, suuza mara mbili, na ndoo ya mwisho tia siki nyeupe kidogo, kama robo kikombe. Harufu inaisha likikauka. Ndiyo maana pia siipendekezi pasi ya mvuke: ukiitilia maji magumu ya bomba, chokaa inaziba matundu, halafu siku una haraka inakutemea uji mweupe kwenye shati jeusi. Kama unayo tayari, itilie maji ya mvua.

Vumbi usilisahau. Upepo wa Julai na Agosti huku si mchezo, unaweza kukuta henga lako kwa jirani. Mimi natumia henga mbili kwa shati moja, kulabu moja inaangalia huku na nyingine kule, haling'oki. Na ninafua alfajiri, maana mchana upepo ukichachamaa vumbi jekundu linaganda kwenye nguo mbichi na kazi yote imekuwa bure. Vumbi likishaingia, liache likauke kwanza ndipo ulipukute kwa brashi kavu. Ukilifuta kwa kitambaa chenye maji umelipaka rangi.

Sasa pasi yenyewe. Mtu anayechomekea anahangaika na kola na kifua, huko chini kunafichwa na suruali. Wewe unaachia, kwa hiyo macho ya watu yanaishia kwenye pindo. Anza na pindo. Geuza shati ndani nje, vuta pindo kwa mkono mmoja na upige pasi kipande kwa kipande, hasa pale kwenye mishono ya mbavuni ambapo huwa linajikunja kwenda juu kama ulimi. Kisha mstari wa vifungo: laza vifungo chini juu ya taulo nene vizame, piga pasi kwa nyuma. Kola, mikono na mgongo unajua mwenyewe. Ukimaliza usilivae likiwa la moto. Litundike dakika 10 lipoe, maana kitambaa cha moto ukikikalia kinashika mkunjo upyaa.

Na soma kile kitambulisho cha ndani kabla ya kuwasha. Pamba na kitani vinataka moto mkali na unyevu, poliesta inataka moto mdogo. Mimi hilo nilijifunza siku ya sendofu ya dada yangu, umeme umekatika, nikaazima pasi ya mkaa. Mkaa umekolea, sikujaribisha hata kwenye kanga kuukuu, nikaibandika moja kwa moja mgongoni mwa shati la poliesta. Likavutika kama jojo. Nilikaa na koti ukumbini usiku mzima, na ulikuwa mwezi wa kumi na moja, joto la kufa mtu. Tangu siku hiyo napiga pasi mashati yote ya wiki Jumapili umeme ukiwepo. Na LUKU inakushukuru, kwa sababu pasi ya wati 1,000 inakula yuniti moja kwa saa, na kuipasha moto upya kila asubuhi kwa ajili ya shati moja ni hasara.

Wanga wa muhogo ambao bibi zetu walipenda, kwa shati la kuachia mimi siukubali. Linasimama kama boksi, na likivunjika limevunjika.

Lakini hata ukifanya yote hayo, kama shati lilikatwa kwa ajili ya kuchomekewa litakuumbua. Mashati mengi ya mtumba yana mikia mirefu mbele na nyuma, yametengenezwa ili yajichimbie ndani ya suruali. Ukiachia, unakalia mkia, unakunjika, ukisimama unabaki umejikunja. Tazama Kaunda suti: haichomekewi, na mzee akiivaa hakuna anayemwambia hajavaa rasmi. Pindo limenyooka, zito, na kitambaa kina uzito wa kujivuta chini. Mpe fundi shati lako akate pindo linyooke, liishie katikati ya zipu ya suruali au chini yake kidogo, aache mpasuo mdogo mbavuni kila upande, na pindo liwe pana kama vidole viwili ili liwe na uzito. Kama linakubana nyongani, hakuna pasi itakayokusaidia, litakunjika tu kila ukiinama.

Njiani, ukikaa kwenye daladala nyanyua kwanza mkia wa shati nyuma kama wazee wanavyofanya na kanzu, ndipo ukae. Begi la mgongoni lishike mkononi. Ukifika kazini, ingia msalani, lowesha viganja, kung'uta maji ya ziada, halafu papasa pindo na mgongo kwa kushuka chini huku ukivuta. Kwa shati la pamba unatoka hapo kama uliyepitia kwa dobi. Tanga ungezunguka na shati bichi mpaka adhuhuri, ila hewa ya huku inalikausha kabla hujafika mezani kwako.

Na lile shati lako la samawati, ulilosema kwenye swali lako kuwa bado jipya, usilipeleke kwa fundi wiki hii. Lifue kwanza mara mbili, pamba hurudi. Akikata sasa, mwezi ujao utakuwa unaonyesha mkanda.