Mbona Mayai ya Fanteli Hayaanguliwi?

SWALI: Mhariri, nina jozi ya njiwa weupe aina ya fanteli, wale wenye mkia uliotandazwa kama upepeo, ninaowafuga katika banda la waya hapa Mamboleo. Wametaga mara kadhaa na kuatamia bila matatizo, lakini kila mara mayai huwa viza. Jirani yangu anasema ni joto la Kisumu. Je, ni kweli? Tena, nikiwafungulia waruke nje, watarudi? — Msomaji, Kisumu.

JIBU: Joto tusilisingizie, ndugu msomaji, kwani njiwa wa kawaida huangua makinda kwenye mapaa ya mji huohuo. Kwanza hesabu mayai. Jike hutaga mawili. Ukikuta manne katika kiota kimoja, huenda uliuziwa majike wawili, kosa lililo rahisi kutokea kwa kuwa dume na jike hufanana mno. Yakiwa mawili, yamulike kwa tochi gizani siku ya sita ya kuatamiwa. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myembamba ya damu, ilhali lisilorutubishwa hubaki angavu.

Nashuku utayakuta angavu, na kisababishi ni mkia huohuo uliokuvutia ukawanunua. Njiwa wa kawaida ana manyoya 12 ya mkia, lakini fanteli anaweza kuwa na 30 hadi 40, na mkia huo mpana, pamoja na manyoya mengi yanayozunguka tundu la nyuma, humzuia dume kumfikia jike wanapopandana. Kabla hawajataga tena, mshike kila mmoja kwa utulivu, mwenzako akushikie mkia, kisha upunguze kwa mkasi manyoya laini yanayozunguka tundu hilo, kwa dume na kwa jike, pasipo kugusa ngozi wala unyoya mchanga ambao shina lake bado lina damu. Yaliyokatwa yatarudi wakati wa kupukutisha manyoya. Anayefugia maonyesho ana haki ya kusita, ila wewe unataka makinda.

Lipanue pia banda, kwa maana kiota chenye upana usiopungua sentimita 60 humwezesha ndege huyu kugeuka bila kuvunja mkia, na sakafu iwe kavu daima, hasa masika. Funika madirisha kwa wavu wa kuzuia mbu, kwani mbu hueneza ndui ya njiwa. Chakula si kigumu: mtama, mahindi yaliyoparazwa, kunde na changarawe ndogo za kusagia chakula tumboni. Maji yawe na kina cha kuzamisha mdomo, maana njiwa hunywa kwa kufyonza.

Ama kuhusu kuwafungulia, watarudi iwapo mwewe atawaruhusu. Fanteli ni mzito wa kuruka na weupe wake huonekana kutoka mbali. Wafungulie baada ya kuwazoesha banda kwa majuma kadhaa, wakiwa na njaa kidogo, nawe ukiwa hapohapo. Na alasiri upepo wa ziwani unapovuma kwa nguvu, wabaki ndani, kwa sababu mkia huo hunasa upepo na kuwayumbisha.