Ndugu Wawili Wakimpenda Msichana Mmoja, Aulizwe Yeye Kwanza

Ndugu wa tumbo moja wanapompenda msichana mmoja, ukoo hukimbilia kuamua nani amwachie mwenzake: wazee husema mdogo amheshimu mkubwa, mama hulia, na wajomba hupima nani mwenye kazi ya kueleweka. Nimekaa katika kikao cha namna hiyo hapa Jinja, Uganda, mtaa wa Walukuba, nikiwa shangazi wa vijana wenyewe, na nilichokiona ni kwamba tulikuwa tukigawana mtu ambaye hakuna aliyemuuliza neno.

Dalili zilianzia kwenye chakula. Vijana hao walikula sinia moja tangu utotoni, lakini mdogo akaanza kuomba apakuliwe pembeni, au kudai kwamba ameshakula rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, barabarani.

Nilikwenda kwa binti mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Shangazi, mkubwa namheshimu kama kaka yangu, mdogo ndiye tuliyeahidiana." Suala lililowakosesha watu wazima usingizi likaishia hapo. Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 31, inataka ndoa ifungwe kwa hiari ya mwanamume na mwanamke wenyewe, wakiwa wametimiza miaka 18. Nasi Waislamu tumefundishwa kwamba ridhaa ya binti hutafutwa, na kwamba mtu hachumbii juu ya posa ya nduguye. Kwa hiyo kauli ya "nimekuachia", hata ikitamkwa kwa moyo safi, haina maana, kwa kuwa anayeachwa hakuwa mali ya yeyote kati yao.

Kazi ngumu ni kumtunza aliyekosa. Baba yao alitaka mkubwa aongoze ujumbe wa kupeleka posa, ili majirani waone kwamba hakuna kinyongo, nami nilipinga kwa nguvu zangu zote, kwani huko ni kumtonesha mtu kidonda hadharani. Kijana aliomba kwenda Mbale kufanya biashara na rafiki yake, nikamtetea. Harusini hakuja, na kwa maoni yangu hakumkosea mtu. Alirudi kwa hiari yake siku ya Idi, akala nasi.

Mpeni muda, wala msimtafutie mchumba wa haraka ili kumnyamazisha. Nawe uliyechaguliwa, usimhoji mkeo kaka yako alimwambia nini zamani, na kama ujumbe wake ungali kwenye simu, mwombe mkeo aufute bila wewe kuusoma.