Ana cheti cha kudhibiti hasira. Je, arudi nyumbani?

SWALI: Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Mwanamume ninayemsimamia kwa amri ya mahakama alimpiga mkewe na kumwingilia kwa nguvu. Amemaliza wiki 8 za mafunzo ya kudhibiti hasira, hakukosa hata kipindi kimoja, na ana cheti. Sasa anaomba kurudi nyumbani, na mahakama inataka maoni yangu. Cheti kinatosha? Na mkewe nimhusishe vipi?

JIBU: Dada yangu, cheti hicho hakitoshi, na nakuomba usikiegemee. Kinathibitisha kwamba alihudhuria. Kuhusu hali ya mkewe hakisemi lolote.

Tatizo linaanzia kwenye mafunzo yenyewe. Wengi wa wanaume ninaowapokea kwenye kikundi ninachoendesha cha waliowapiga wake zao ni hodari wa kuzuia hasira. Mkubwa wao kazini akiwafokea, wananyamaza. Wakifika nyumbani ndipo wanapiga, na wengine huchagua hata sehemu ya mwili ambayo nguo itaifunika. Anayechagua hivyo hajazidiwa na hasira. Ndiyo maana programu zilizobuniwa kwa ajili ya watu hawa, kama ule mfumo ulioanzia Duluth, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hushughulikia mabavu na udhibiti: kumnyima mke pesa, kupekua simu yake, kumtenga na ndugu zake, kumtishia kuhusu watoto. Kazi hiyo ni ya muda mrefu. Katika jimbo la California sheria inataka mtu aliyewekwa chini ya uangalizi kwa kosa hili akamilishe programu ya wiki 52.

Kikundini humtaka mtu asimulie tukio moja, hatua kwa hatua. Mara nyingi huanza hivi: "Tulizozana, mambo yakaharibika." Namuuliza, mlango alifunga nani? "Mimi." Kabla au baada ya kumpiga? Anakaa kimya. "Kabla." Ili iweje? "Asitoke." Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu amekiri mbele ya wenzake kwamba kabla ya kuinua mkono alikwisha amua. Wapo wanaochukua miezi kufika hapo, na wapo wasiofika kabisa. Muulize mtu wako maswali ya aina hiyo, usikilize kama bado anamtupia mkewe lawama.

Hata programu nzuri usizipe sifa zisizo zake. Uchambuzi wa tafiti 22 ulioongozwa na Julia Babcock, uliotoka mwaka 2004, uliona kwamba waliopitia programu walipungukiwa na uwezekano wa kurudia kwa takriban asilimia 5 tu wakilinganishwa na waliokamatwa bila kupelekwa kwenye programu. Mimi bado naamini kazi hii inafaa kufanywa, lakini iende pamoja na ulinzi wa mke na mahakama inayochukua hatua haraka mtu anapokiuka masharti.

Hilo la kumwingilia kwa nguvu lisipite kimyakimya chini ya kivuli cha kipigo. Linahitaji tathmini yake ya hatari, ifanywe na mtu aliyesomea makosa ya kingono. Huku nako nia njema pekee haitoshi. Huko England na Wales, programu kuu ya magerezani kwa wakosaji wa kingono ilitumika miaka mingi, kisha tathmini iliyotolewa mwaka 2017 ikaonyesha kwamba asilimia 10 ya walioipitia walirudia kosa la kingono, wakati kwa wasioipitia ilikuwa asilimia 8. Programu ikaondolewa. Kwa hiyo anza na kupima hatari, kisha uzito wa programu ulingane na hatari hiyo.

Mkewe asiitwe kikao kimoja na mumewe, wala usikubali usuluhishi wa wazee kabla usalama wake haujapimwa. Atazungumza nini mbele ya mtu atakayeondoka naye? Aongee faragha na mhudumu mwingine, asiyemhudumia mume, na mume asijue kilichosemwa. Maswali yawe ya maisha ya kila siku: akikataa tendo la ndoa, nini hufuata? Pesa zake anashika nani? Mume anamfuata au kutuma watu wamchunguze? Aliwahi kumkaba shingo? Jibu la "ndiyo" kwa hilo la mwisho lichukulie kama dalili ya hatari ya kifo, hata kama ilitokea mara moja na haikuacha alama. Mweleze pia, bila kumpamba mumewe, kwamba kumaliza mafunzo hakumaanishi amebadilika, kwa sababu wanawake wengi huwarudisha waume zao kwa kuamini cheti.

Kwenye ripoti, andika mahudhurio kama mahudhurio. Taja kwamba mafunzo hayakugusa udhibiti wala kosa la kingono, kisha uombe zuio la kurudi nyumbani liendelee hadi tathmini zote mbili, ya hatari ya kipigo na ya kosa la kingono, zikamilike. Maneno ya mke yaingie kwa ridhaa yake tu, na yale ambayo mume akiyasoma atajua yametoka kwake, uliza kwanza kama mahakama inaweza kuyapokea kwa siri. Isipowezekana, yaache nje ya ripoti.