Mkorogo, sangara na maziwa ya mama: majibu ya maswali yenu

Dada, nina mtoto wa miezi mitatu na bado napaka mkorogo. Shoga yangu anasema unaingia kwenye maziwa, eti nimpe mtoto ya kopo. Kweli? (Igoma)

Shoga yako amepatia nusu. Mikorogo mingi, yaani krimu hizi za kung'arisha ngozi, ina zebaki. Hiyo hupenya ngozi, huingia kwenye damu, na kiasi chake hufika kwenye maziwa. Huharibu figo, na kwa mtoto huathiri ubongo na mishipa ya fahamu. Tena kabla hata ya maziwa kuna kifua chenyewe: mtoto anakilalia, anakilamba, halafu anafutwa kwa taulo lako.

Geuza kopo la mkorogo usome yale maandishi madogo. Ukikuta herufi Hg au neno calomel, ndiyo hiyo. Wakikuonya usivae pete wala mkufu wa dhahabu ukipaka, ni hiyo hiyo, maana zebaki hushikana na dhahabu. Ndiyo sababu wachimbaji wanaitumia. Na ule wa kuchotewa kwa kijiko dukani, usio na maandishi yoyote, mimi siuamini hata kidogo.

Acha kupaka leo, ziwa endelea nalo. Zebaki ya namna hii hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Kukamua na kumwaga hakuisafishi. Na hayo ya kopo utayakoroga kwa maji gani? Kuhara kumewamaliza watoto wengi kuliko mkorogo. Ila nenda kliniki useme ukweli, hasa kama miguu inavimba au mikono inatetemeka. Hapo daktari ndiye ataamua kuhusu kunyonyesha. Waambie pia ngozi ikianza kuwasha na kuwa nyekundu, kwa kuwa mikorogo mingine ina steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, na kuiacha ghafla kuna vurugu zake.

Mume wangu anachimba Geita. Akija huchomea dhahabu kwenye jiko la mkaa, mimi natoka nje na mtoto. Inatosha? (Sengerema)

Haitoshi. Dhahabu hiyo imeshikana na zebaki, na mvuke wake hauonekani wala haunuki, na ukipoa huganda kwenye kuta, sufuria na nguo. Mkirudi ndani mnaukuta. Asichomee nyumbani kabisa, na nguo za kazini zisifuliwe pamoja na nepi. Shemeji akigoma, zungumza naye lugha ya fedha: kuna vifaa vya kunasa ule mvuke, zebaki ikarudi na kutumika tena. Navyo vitumike mbali na nyumba.

Nakaa Kirumba, soko la samaki la Mwaloni ni hapo tu. Mama mkwe amenikataza sangara mpaka mtoto aache ziwa.

Mama mkwe ana hoja, ila amezidisha. Sangara anakula samaki wenzake, hivyo yule mkubwa, mzee, hujilimbikizia zebaki kuliko sato na dagaa. Hata hivyo samaki wengi wa Ziwa Victoria waliopimwa wamekuwa chini ya kiwango cha miligramu 0.5 kwa kilo. Kula, chagua mdogo, na siku nyingi iwe dagaa. Zebaki ya samaki humfikia mtoto zaidi akiwa tumboni kuliko kwenye ziwa.

Karanga zenye ukungu nikizikaanga sana, si unakufa? (Ukerewe)

Ukungu unakufa, sumukuvu, ile sumu unayoiacha, inabaki. Mwaka 2016 iliua watu karibu 20 Dodoma na Manyara, chanzo mahindi. Mama akiila, ini lake huigeuza na sehemu hutokea kwenye maziwa. Akiacha, baada ya siku chache huisha. Chambua: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, tupa. Kuku usiwape. Na zile za bei ya kutupa usizipeleke mashineni kwa ajili ya unga wa lishe wa mtoto, hata kama mwenye mashine atakuambia zikisagwa hazijulikani.

Neti yenye dawa haimdhuru anayenyonya? (Nyegezi)

Mlaze humo humo, malaria ndiyo ya kuogopa. Neti mpya ianike kivulini saa 24 kwanza. Ukiifua, maji yake usiyamwage ziwani, yanaua samaki.