Mbwa anafanya nini kwenye chumba cha ushauri nasaha

Umeuliza mbwa anafanya nini mle ndani mshauri anapoongea na mteja, si atamtoa mtu kwenye mazungumzo? Kiukweli mara nyingi inakuwa kinyume chake. Mtu mwenye maumivu akikalishwa uso kwa uso na mtu asiyemjua anamuuliza maswali, anajifunga, sasa mkono ukiwa kwenye manyoya ya mbwa aliyetulia mwili unapoa taratibu, macho yanapata pa kuangalia, na maneno yanaanza kutoka yenyewe. Watoto ndo usiseme.

Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto kule New York, aliligundua hili kwa bahati tu miaka ya 1950, kuna mtoto asiyeongea na watu aliletwa kabla ya muda wa miadi yake, mbwa wa Levinson anaitwa Jingles akamkimbilia akaanza kumlamba, dogo badala ya kuogopa akacheza naye, na hapo ndo tiba ikaanza kusonga. Mwaka 1961 akawasimulia wenzake, wapo waliomcheka. Leo mahakama kadhaa Marekani zinaruhusu mbwa akae na mtoto anapotoa ushahidi.

Ila mbwa hatibu peke yake jamani, mshauri ndo anafanya kazi, mtoto akimnong'oneza mbwa kitu mshauri anaanzia hapo hapo. Na lazima mteja aulizwe kwanza, kuna wenye aleji, kuna walioumwa na mbwa utotoni, kuna ambao kwa dini yao hawataki mate ya mbwa, hao wasilazimishwe kabisa. Na mbwa mwenyewe akichoka atolewe nje apumzike.